Flashi Iliyoandikwa ROHO

Kompyuta yenyewe ukiiona ungeionea huruma. Kifuniko cha ubavuni kilipotea zamani, feni ilikohoa kama mzee wa kiko, na juu yake palikuwa na alama za duara za kikombe cha chai, kwa sababu Morris alikuwa akikiweka pale makusudi ili Nuwa amfokee. Ilikaa pembeni mwa duka lao pale mtaa wa Hai Cinema, Juba, nyuma ya mashine ya fotokopi. Mteja akiuliza ile ni ya nini, Nuwa alijibu bila kucheka kwamba ni ya kuchemshia maharagwe, na kuna wateja walienda zao wakiamini.

Kumbe ilikuwa kituo. Kote duniani kuna watu wanaotoa kompyuta zao bure, hawalipwi hata shilingi, ili wapokezane ujumbe wa watu wasiowajua. Ujumbe unaingia kituo cha kwanza, unarushwa cha pili, unarushwa cha tatu, na hakuna kituo hata kimoja kinachojua mambo yote mawili, nani ametuma na unaenda wapi. Mke anayemwogopa mumewe, mwandishi anayeogopa kubishiwa hodi, mwanafunzi mwenye swali la aibu, wote wanapita humo na kivuli chao hakionekani. Nuwa alikiita kituo chake DarajaGumbo. Alisema daraja la Juba watu wanavuka kwenda Gumbo mchana kutwa na daraja lenyewe halijawahi kumuuliza mtu anatoka wapi. Wanaouliza ni wengine.

Kituo kilikuwa hewani tangu Machi 2021. Nuwa alikufa Agosti mwaka jana. Malaria ilipanda kichwani, siku tatu tu, Jumanne anatetemeka na Ijumaa hayupo. Akasafirishwa kwa barabara ya Nimule mpaka kwao Masaka, Uganda, akazikwa nyuma ya nyumba ya mama yake.

Kituo hakikujua. Kiliendelea kupokea na kurusha.

Dada yake, Kevina, ndiye aliyekirithi. Kevina alikuwa na kibanda cha matoke Gumbo, upande wa pili wa mto, na kompyuta alikuwa amefundishwa na kaka yake jioni moja moja, kidogo kidogo, kama mtu anayefundishwa kuendesha gari kwenye uwanja wa kanisa. Kila asubuhi kabla ya kumenya tunda la kwanza alifungua kwenye simu ile orodha ya wazi ya vituo vyote vya mtandao. Alitafuta DarajaGumbo, na pale kilipo alisoma mistari mitatu. Jina la kituo. Mwenyewe: Nuwa, Juba. Kimeonekana mara ya kwanza: Machi 2021. Halafu akaweka simu ndani ya aproni, akaanza kazi.

"Kaburi yake iko Masaka," alimwambia Morris siku moja. "Mimi siwezi kwenda kila siku. Hii naenda kila siku."

Sasa ukweli wa kituo ni huu, na Nuwa alimwimbia Morris mpaka akauweka kichwani. Mtandao haukujui kwa jina. Jina mtu yeyote anaweza kuliandika. Unakujua kwa funguo mbili, vifaili viwili vifupi kuliko ujumbe wa simu, vinavyokaa kwenye folda moja ndani ya kompyuta. Badilisha kompyuta, badilisha programu, hamia hata Australia, mradi umebeba zile funguo wewe bado ni wewe, na miaka yako yote ya kuaminiwa unaenda nayo. Zipoteze, basi hata ukae na kompyuta ileile, jina lilelile, kiti kilekile, mtandao utakuona mgeni aliyezaliwa leo. Ndiyo maana kila toleo jipya la programu likitoka Nuwa alifunga duka siku nzima. Kwanza funguo, mengine baadaye. Alizinakili kwenye flashi, akabandika stika ya karatasi, akaandika kwa kalamu nyekundu: ROHO.

Morris alikuwa wa aina nyingine. Mkenya wa Kakamega, alikuja Juba kuweka nyaya kwenye hoteli moja, hoteli ikaisha na yeye akabaki. Kazi yake dukani ilikuwa kupiga picha za pasipoti na kupakia nyimbo na filamu kwenye flashi za wateja. Lakini kazi yake hasa, ukimuuliza Nuwa, ilikuwa utundu. Aligeuza skrini juu chini. Alimwekea Nuwa chumvi kwenye kopo la sukari. Nuwa naye hakulala. Aliwahi kumwandikia Morris barua ya mapenzi kutoka kwa mama mmoja wa kwaya, na Morris akanyoa ndevu na kwenda kanisani wiki tatu mfululizo.

Mchezo ulipata sheria siku Morris alipomwambia Nuwa kuna watu wa uhamiaji, wale wa vibali, wanaulizia jina lake. Nuwa alilala siku mbili Gumbo, kwenye stoo ya dada yake, katikati ya mikungu ya ndizi. Kevina alipogundua ni mzaha alivuka daraja kwa miguu, akawakalisha wote wawili kwenye benchi kama watoto wa komunyo. Akasema chezeaneni mpaka mchoke, lakini tangu leo mzaha wowote utafunguliwa kabla ya mlango wa duka kufungwa. Mtu asiende kulala na uongo wa mwenzake kifuani. Waliapa. Na waliishika sheria hiyo miaka minne, hata siku ambazo mwingine angeiacha. Morris aliwahi kukimbiza boda mpaka Lemon Gaba, alikokuwa akiishi Nuwa, ili tu kumrudishia kiatu kimoja.

Mwezi wa pili mwaka huu tangazo likaja. Matoleo ya zamani ya programu yana tundu, yatakataliwa na mtandao mwisho wa mwezi. Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa na mfumo wa kizee ambao haukulikubali toleo jipya. Ilibidi kufuta diski yote na kuanza upya. Nuwa alishafanya hivyo mara mbili, na hatua zake zilikuwa kwenye daftari la jalada la bluu, kwa Kiswahili cha Uganda kilichotiwa masihara:

*Moja, zima pole pole, usivute waya kama Morris. Mbili, futa diski. Tatu, weka mfumo mpya. Nne, weka programu, USIWASHE BADO, ukiwasha bila funguo inajitengenezea zingine. Tano, chomeka ROHO, rudisha folda. Sita, ndio uwashe.* Na chini kabisa, amepiga mistari miwili: *Funguo hazibadiliki. Usiandike kitu tena juu ya hii flashi. Mimi nilinakili folda tupu juu yake mara moja, nusura nilie mbele ya Morris.*

Jumamosi asubuhi Kevina alimwachia jirani kibanda, akaja Hai Cinema na gauni la kanisani. Alisema lazima afanye kwa mkono wake, Morris asome tu. Morris akasoma. Kituo kikazimwa pole pole, feni ikanyamaza. Kevina alikuwa ameshaweka kidole juu ya kitufe cha kufuta, akakiondoa.

"Tutoe nakala ingine kwanza," alisema. "Mimi iko na flashi yangu hapa."

"Nyabo, mtu ana roho ngapi?" Morris akasema. Nyabo na ssebo, bibi na bwana kwa Kiganda, alikuwa ameviokota kwa Nuwa. "Iko moja na iko kwenye droo. Bonyeza, tuende tukale ful ya maharagwe."

Kevina akacheka. Akabonyeza.

Diski ilifutika kwa muda mfupi kuliko chai kupoa. Mfumo mpya ukaingia, programu ikaingia, hawakuiwasha. Saa nne na nusu Kevina alifungua droo, akatoa flashi yenye stika ya maandishi mekundu, akaibusu haraka kama mtu anayebusu rozari, akaichomeka.

Zikatokea nyimbo. Mia mbili na kumi na nne, zote rhumba, zimepangwa kwa herufi.

"Hii nini?" Kevina akauliza. Akatelezesha orodha juu, akatelezesha chini. "Morris. Hii nini?"

Na hapo ndipo ile Jumanne ya Agosti ilipomrudia Morris, yote, hata harufu yake. Nuwa alikuwa ametoka kwenda choo cha nyuma. Kwenye meza kulikuwa na flashi mbili za aina moja, nyeusi, moja imeandikwa ROHO na nyingine RHUMBA. Morris alizibandua stika kwa ukucha, akazibadilisha, akazirudisha kama zilivyokuwa. Wazo lilikuwa tamu ajabu. Jioni wakati wa kufunga angemwambia Nuwa, ebu angalia roho yako kama bado nzima, Nuwa achomeke, rhumba ianze kulia, macho yamtoke, na Morris amwache ateseke dakika moja, moja tu, kabla ya kumpa flashi ya kweli. Lakini Nuwa alirudi kutoka chooni akisema anahisi baridi. Jua la Juba lile, na anahisi baridi. Akachukua koti, akaenda Lemon Gaba saa sita mchana. Morris akafunga mlango bila yeye.

Tangu hapo kulikuwa na hospitali, na sanduku, na barabara ya Nimule. Stika zilimtoka Morris kichwani kama hazikuwahi kuwapo.

"Itakuwa zilichanganyika," akamwambia Kevina. Zilichanganyika, kama vile flashi zina miguu.

"Basi ile ya rhumba iko wapi?"

Alijua pia ilipo. Mwezi wa tisa alikuwa ameitoa kwenye kopo la flashi ili ampakie mteja nyimbo. Kompyuta ya wateja ilisema flashi hii haisomeki, nifomati? Nuwa alikuwa ameiandaa kwa ile kompyuta ya maharagwe, na hizi za kawaida hazimwelewi mwenzao. Flashi za kugoma hivyo huletwa dukani kila siku na dawa yake ni moja. Morris alibonyeza ndiyo. Halafu akaijaza nyimbo mia tatu, akampa Gatluak wa boda.

Alitoka mbio bila kofia. Gatluak hakuwepo kwenye stegi ya Hai Cinema. Wenzake walisema amebeba abiria wa Gumbo. Morris akapanda boda nyingine, akavuka daraja, akamkuta amepaki kando ya barabara ya Nimule, chini ya kivuli cha lori, spika yake inanguruma. Ile flashi ilikuwa imechomekwa kwenye spika chini ya kiti, nyekundu kwa vumbi, na ya moto mpaka Morris alipoigusa aliiachia. Stika ya RHUMBA bado ilikuwepo.

Gatluak alikulia kambi ya Kakuma, Kenya, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Boss, si ulinipea hii kitu? Sasa unaitoa na ngoma inalia, wasee wataniambia nini?"

Morris akamwambia atampa nyingine, nyimbo zote hizo na zingine juu, leo hii. Alikuwa akizungumza huku akiifuta flashi kwa shati. Gatluak akazima spika, akamwangalia vizuri.

"Wewe unalilia flashi ama?"

"Ni vumbi."

"Malesh, pole, mkubwa," Gatluak akasema polepole, na akamrudisha Hai Cinema yeye mwenyewe.

Kevina hakuuliza maswali. Alikuwa tayari ameshusha programu ya kuokoa mafaili. Kufomati, Nuwa alimfundisha, ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo. Kitabu bado kipo, ila hujui kitu kipo ukurasa gani. Kinachoua ni kuandika juu yake. Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu: je, zile nyimbo mia tatu zimelalia wapi? Programu ikaanza kuchimba, mstari wa kijani ukisogea kama konokono. Wateja walikuja, Morris akawaambia mashine imekufa. Nyagoa wa chai alileta vikombe viwili akavikuta vimejaa aliporudi, akavichukua.

Saa tisa alasiri ufunguo wa kwanza ukatokea. Mzima. Kevina alisimama, akafunika mdomo kwa mikono yote miwili, akacheza pale pale palipokuwa na nafasi ya miguu miwili tu. Morris naye akaanza kuamini. Alijiambia ukipatikana na wa pili hatasema kitu, maisha yataendelea, itakuwa siri yake na marehemu.

Wa pili haukutokea. Mstari ulifika mwisho. Wakauanzisha tena, ukafika mwisho. Mahali ulipopaswa kuwa palikuwa na kipande cha wimbo.

Kevina akasema wajaribu na huo mmoja. Wakauweka kwenye folda, kompyuta ikajitengenezea wa pili mpya kujaza pengo, wakawasha. Feni ikakohoa. Kwa dakika nzima ilionekana kama kila kitu kiko sawa. Halafu majibu ya mtandao yakaanza kushuka kwenye skrini, moja kutoka kwa kila msimamizi wa mtandao, yote yakisema jambo moja: kituo chenye ufunguo huu tunakijua, na tunamjua mwenzake, huyu uliyekuja naye siye. Wakajaribu mara sita. Mara sita wakakataliwa mlangoni.

Kwenye ile orodha ya wazi DarajaGumbo lilikuwa bado lipo, ila rangi imebadilika. Halipo hewani tangu saa kadhaa zilizopita. Kituo kikizimika, orodha hukisubiri siku saba. Baada ya hapo mstari wake unaondolewa.

Kevina aliandika barua kwa wasimamizi. Aliwaeleza kaka yake alikuwa nani, alikiwasha lini, alikufa vipi, na kwamba ufunguo mmoja anao, wauangalie ni wa kweli. Aliomba wamruhusu aoanishe na mpya. Jibu lilikuja Jumatatu, la mtu mmoja tu, na si kwamba lilikuwa baya. Alitoa pole ndefu. Alisema amekwenda kuangalia historia ya DarajaGumbo, amekuta miaka karibu mitano bila lalamiko. Lakini funguo mbili zilifungwa pamoja ili mwizi akipata mmoja asijifanye mwenye kituo, na mtandao hauna njia ya kumtofautisha dada na mwizi. Mlango huo hata yeye hana namna ya kuufungua.

Kevina alimsomea Morris barua ile dukani, akiitafsiri kidogo kidogo. Alipomaliza aliikumbatia simu kifuani.

"Ni mimi," akasema.

Morris akamwangalia.

"Ile siku tulirudi kutoka kuzika, mimi nilikuja kufagia hapa. Unakumbuka? Nilifuta vitu yake yote na kitambaa ya maji. Zile stika zililowa, zikatoka. Mimi ndio nilibandika tena na gundi. Nilikuwa nalia, sikuona vizuri." Alikuwa anauangalia mkono wake wa kulia. "Nilibandika roho ya ndugu yangu kwa nyimbo."

Hapo, mdomo wa Morris ulikuwa wazi kabisa. Maneno yalikuwa yamepanga foleni kwenye ulimi. Alichosema ni, "Usijitese, nyabo." Na alipojisikia akisema hivyo aliona kwamba ametoroka, na kwamba ni rahisi, na kwamba hakuna mtu duniani atakayemshika.

Jumanne Kevina hakufungua kibanda. Jirani yake alipiga simu kuuliza kama ana homa. Jumatano pia hakufungua.

Alhamisi Morris alifunga duka saa tatu asubuhi, akavuka daraja kwa miguu. Alitaka njia iwe ndefu, ikawa fupi. Kevina alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya stoo, anamenya matoke ya kula mwenyewe, taratibu, ganda moja baada ya lingine. Alikuwa amekonda usoni kwa siku mbili tu. Morris hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: choo cha nyuma, ukucha, dakika moja ya mateso aliyoipanga, koti, saa sita mchana. Halafu mwezi wa tisa na ile ndiyo aliyobonyeza. Alisema stika hazikuwa kosa la Kevina, zilikuwa mahali pasipo pake hata kabla hajazilowesha.

Kisu kilisimama.

"Yeye alijua?"

"Hapana. Alienda nyumbani mapema. Sikuwahi kumfungulia."

"Alikaa siku tatu na mimi hospitali," Kevina akasema. "Wewe ulikuja mara mbili."

"Nilisahau. Nilimwona vile alivyo, nikasahau kila kitu."

Kevina alitikisa kichwa, na kwa muda Morris alidhani imekwisha hapo, maana alirudi kumenya. Akamaliza ndizi moja, akaiweka kwenye beseni la maji. Akachukua nyingine.

"Ile ya Nuwa, hiyo ni mzaha," alisema bila kuinua macho. "Mimi nawajua nyinyi. Hata yeye angecheka, angekupiga na kiatu, khalas. Lakini mimi uliniacha siku tatu nikitazama mkono yangu. Ulinisikia nikisema ni mimi. Ukasema nisijitese." Sasa akainua macho. "Hii ingine ni nini, ssebo? Hiyo niambie. Jina yake ni nini?"

Morris hakuwa nalo.

"Nenda," Kevina akasema. Hakusema kwa ukali. "Jumamosi nitakuja kuangalia mara ya mwisho. Siku ya saba. Fungua duka mapema."

Jumamosi alifungua saa moja. Kevina alikuja na Gatluak, akamwacha nje kwenye pikipiki. Gauni lilikuwa lile la wiki iliyopita. Walikaa mbele ya skrini na kiti kitupu katikati yao, si kwa mpango, ndivyo viti vilivyokuwa. Mstari ulikuwepo. DarajaGumbo. Nuwa, Juba. Machi 2021. Orodha hujisasisha yenyewe kila saa, kwa hiyo hakukuwa na la kufanya ila kusubiri. Saa mbili mstari ulikuwepo. Saa tatu ulikuwepo. Saa nne Kevina alipoandika jina tena kwenye kisanduku cha kutafutia, orodha ilijibu kwamba hakuna kituo kwa jina hilo.

Aliandika mara nyingine, herufi moja moja, kama pengine alikosea.

Hakulia. Alizima kompyuta pole pole, kama daftari lilivyosema, akachomoa nyaya, akazikunja. Alimwambia Morris anaipeleka Gumbo. Ataiwasha na funguo mpya, atangoja miezi mpaka mtandao umzoee, kama wageni wote. Morris akauliza, akiogopa hata kuuliza, kama itaitwa tena DarajaGumbo.

"Hapana. Hiyo ni kudanganya watu. Itakuwa Kevina." Alifikiri kidogo. "Na wewe usiiguse."

"Sawa."

"Mimi sina hasira nyingi. Lakini kukuona sitaki. Labda Krismasi. Labda hapana."

Gatluak alimsaidia kuifunga kompyuta nyuma ya kiti kwa mipira, na ile flashi mpya ya nyimbo ilikuwa ikining'inia kwenye spika, spika yenyewe imezimwa kwa heshima. Wakaingia barabarani taratibu. Kevina aliishikilia kompyuta kwa mkono mmoja nyuma yake, kama mtu anayemzuia mtoto asianguke.

Pembeni mwa duka palibaki mstatili safi sakafuni, mahali ambapo vumbi halikuwa limefika kwa miaka mitano. Mezani Kevina alikuwa ameacha zile flashi mbili nyeusi. Siku ilipita, watu wa pasipoti walikuja, Morris akawaambia wanyooshe shingo, wasicheke. Jioni jua lilipoingia mlangoni alivuta kiti karibu, akawasha taa ya meza. Akazibandua stika kwa ukucha. Gundi ya Kevina ilikuwa kali kuliko ya Nuwa, na ile ya maandishi mekundu ilichanika kwenye herufi ya mwisho. Aliilainisha kwa kidole. Akaibandika kwenye flashi yenye ufunguo mmoja, na RHUMBA akaibandika kwenye rhumba, na akaziweka mbele ya kiti kilichokuwa cha Nuwa.

"Nilikubadilishia, ssebo," akasema. "Ile Jumanne. Zilikuwa kwenye meza, ulienda choo."

Alingoja muda ambao mtu angechukua kuinuka na kuvua kiatu. Halafu akatoka nje, akafunga mlango.